Mrejesho: fifthwili ya JOST JSK 37 kwenye kichwa cha semi, na namna ya kufunga tela bila kubahatisha

Wakuu, fifthwili ndo ile sahani ya chuma juu ya chassis ya kichwa inayoshika tela, na nianze na jibu kabisa kwa wale wenye haraka. Kama unavuta semi ya ekseli tatu na unabeba mzigo unaopita mzani kihalali, JSK 37 inatosha na inabaki, nunua. Kama kazi yako ni lowbed ya kubeba maekskaveta na matransfoma, hii sio ya kwako, unatakiwa uende kwenye zile za kingipini (ile pini ya chini ya pua ya tela inayoingia kwenye fifthwili) nene ya inchi 3.5, usije ukalazimisha. Na kama una hela ya kununua fifthwili nzuri ila dereva wako hajawahi kushuka na tochi kuangalia chini baada ya kufunga tela, basi hio hela katengenezee kitu kingine kwanza maana hakuna fifthwili duniani itakayokusaidia.

Sasa tuje taratibu.

Kichwa changu ni Scania mtumba 6x4, kazi yake ni Dar kwenda Tunduma na kurudi, kontena na mzigo wa kichele, mara moja moja nashusha Mbeya tu. Nilishaendesha mwenyewe miaka ya nyuma kabla ya kuweka dereva, kwahiyo ninachoandika hapa sio cha kusoma kwenye katalogi, japo katalogi nayo nimesoma na nitaitaja maana kuna namba ambazo watu wanazipuuza. Kilichonifanya nibadilishe ni kwamba kabla ya hii nilikuwa na fifthwili ya copy, jina la kampuni sitaji na duka nililonunua sitaji, ila mnajua aina yake, imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama kiatu cha shule, na muuzaji anakwambia "hii ni ileile tu bosi, kiwanda kimoja". Bei haikufika nusu ya original.

Shida yake haikuwa kuvunjika. Ingevunjika ningeelewa. Shida ilikuwa kwenye ule mkono wa kufungulia. Kwenye fifthwili ya kueleweka, ukishafunga tela mkono unarudi ndani wenyewe, na kuna klipu ya spring yenye mnyororo mdogo ambayo unaipachika kwenye tundu la mkono. Hilo tundu limewekwa pale kwa makusudi: kama komeo la ndani halijafunga mpaka mwisho, mkono unabaki umetokeza nje kidogo na tundu halikai pale linapotakiwa, kwahiyo klipu haiingii. Yani klipu yenyewe ndo shahidi. Sasa ile copy tundu lake lilikuwa limetobolewa kwa macho, klipu ilikuwa inaingia vizuri tu hata mkono ukiwa bado uko nje kama vidole viwili. Utingo anaangalia anaona klipu ipo, anapiga bodi mara mbili twende. Siku nilipoliona hilo nikiwa nimelala chini na tochi nilikaa kimya kidogo, halafu nikamwambia fundi tuitoe, na hatukungoja mwisho wa mwezi.

Baada ya miezi kadhaa pia ilianza kugonga. Wanaoendesha wanaijua ile sauti, ukikanyaga breki unasikia ngo! nyuma ya kiti, ukitoa gia na kuvuta unasikia tena ngo! Ile ni kingipini inacheza kwenye ndoano inayoishika. Wengi wanasema "ni tela hio, zoea". Hapana, usizoee.

Kuhusu JSK 37 yenyewe. JOST ni Wajerumani, wako Neu-Isenburg, na vichwa vingi vya mtumba tunavyoleta kutoka Ulaya vinakuja na fifthwili zao tayari, kwahiyo inawezekana hata wewe unayo na hujui, pangusa grisi usome kibao. Kibao ndo kitu cha kwanza kununulia. Kuna namba mbili pale za kuangalia: mzigo unaokaa juu ya sahani, na kitu wanaita D, ambacho ni nguvu ya kuvutana kati ya kichwa na tela, kinapimwa kwa kilonyutoni. JSK 37C ni tani 20 juu ya sahani na D ya 152.

Hizo namba zina maana gani kwa sisi? Chukua kichwa cha 6x4 na semi ya ekseli tatu, mzani wa Afrika Mashariki unakupa tani 8 ekseli ya usukani, 18 ekseli mbili za nyuma za kichwa, 24 ekseli tatu za tela, jumla 50. Kichwa chenyewe kitupu tuseme ni tani 9, maana yake tela inakiegemea kichwa kwa tani 17. Iko ndani ya 20, safi. D inapigwa hivi: unachukua uzito wa kichwa pamoja na kilichoegemea, yani 26, unazidisha na uzito wote wa tela pamoja na hio sehemu iliyoegemea, yani 41, unagawanya kwa 50, halafu unazidisha kwa 0.6 na kwa 9.81. Inakuja kama 125. Kibao kinasema 152. Ndo maana nikasema inabaki. Ila hio ni kwa mzigo wa halali na barabara ya kawaida, ukiweka mzigo wa wizi ukapita njia za panya kukwepa mzani, hesabu hio mimi simo.

Kingine kabla hujatoa hela, ulizia urefu wa zile stendi mbili ambazo sahani inakaa juu yake. Zinakuja tofauti, kuna 150mm, kuna 185, kuna 250, na zaidi. Watu wananunua sahani tu wanafika garage wanakuta tela imeinuka pua juu au imeinama mbele, halafu fundi anaanza kukata vyuma na kuchomelea. Tela ikikaa pua juu mzigo unahamia ekseli za nyuma, mzani wa Vigwaza unakuambia umezidisha ekseli wakati jumla iko sawa, unaanza kulaumu watu wa mzani. Na ukiwa na kontena lile refu la high cube, karibu mita 2.9 lenyewe tu, kila sentimita unayoongeza kwenye stendi unaongeza juu. Mimi nilipima kutoka chini mpaka uso wa sahani ya zamani, nikapima na tela likiwa limekaa sawa kwa level, ndo nikaenda maduka ya spea ya Gerezani, Dar.

Kwa wanaoagiza vichwa vipya vya Mchina, kwenye oda huwa kuna sehemu ya kuchagua fifthwili 50 au 90. Hio ndo kingipini ya inchi 2 na ya inchi 3.5. Tela nyingi za semi hapa kwetu ni 50. Ukipokea kichwa chenye 90 ukakirudishia kwenye tela ya 50, tela inaingia vizuri kabisa na haishikwi na kitu. Nadhani nimeeleweka.

Ufungaji wa hio fifthwili kwenye chassis sitaongea sana. Bolti ziwe za daraja lililoandikwa kichwani, 8.8 au 10.9 kama maelekezo yanavyotaka, mpya, sio zile zilizookotwa kwenye ndoo ya fundi, na zikazwe kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) sio kwa bomba na nguvu za utingo. Baada ya safari ya kwanza rudi ukague tena zote. Fundi akikwambia achomelee stendi kwenye chassis "isilegee kabisa" mwambie asante, lipa hela ya usumbufu, ondoka.

Sasa kazi yenyewe, kufunga tela. Hapa ndo nataka nikae kidogo maana naona madereva wazuri kabisa, watu wamepanda mlima Kitonga usiku na mvua, wanafunga tela kwa sauti tu. Wanasikia "kla!" wanaamini imekubali.

Kwanza kabla ya kurudi nyuma, shuka. Angalia tela imesimamaje. Handibreki ya tela imefungwa? Kuna mawe au kabari kwenye matairi? Miguu ya tela imekaa kwenye nini? Kama ni udongo uliolowa, miguu inazama, na tela iliyoachwa jioni ikiwa sawa asubuhi unaikuta imeinama, ndo maana watu wa yadi nzuri wanaweka mbao pana chini. Halafu urefu. Bamba la chini ya tela linatakiwa liwe chini kidogo kuliko uso wa sahani ya fifthwili, kama 50mm hivi, ili kichwa kikiingia kiinue tela kidogo na bamba lilale juu ya sahani tangu mwanzo. Ikiwa chini sana utagonga pua ya tela na chassis. Ikiwa juu, na hapa ndo penye mauti, kingipini inaingia ikiwa imeinuka, inapita juu ya ndoano au inakamatwa kwenye kile kisahani cha chini cha kingipini badala ya shingo. Na inatoa sauti. Kla ileile.

Wengine watasema mimi huwa navuta kidogo mbele nijue imeshika. Vuta, ni lazima, gia ya chini, breki za tela zikiwa zimefunga, kichwa kivutwe kidogo mara moja mbili. Ila usiishie hapo. Tela iliyoshikwa vibaya inaweza kukubali kuvutwa ukiwa yadi kwenye sakafu tambarare, halafu ikaja kuachia kwenye tuta au kona ya kutoka getini. Niliwahi kuona kwenye ICD (bandari kavu) moja kule Kurasini, dereva alivuta, ikakubali, akafunga mipira ya upepo, akapandisha miguu, akaondoka, kufika kwenye mfereji wa geti pua ya tela ikapanda juu kidogo, ikateleza na kuangukia chassis za kichwa. Mipira ya upepo ikakatika, madigadi yakapondeka, kontena lilikuwa na mzigo. Bahati ilikuwa mwendo wa kutembea kwa miguu na hakuna mtu aliyekuwa kati.

Kwahiyo tochi. Sio tochi ya simu ile ya kubembeleza, tochi yenye mwanga. Unazima injini, handibreki, unashuka, unaenda pembeni mbele ya matairi ya nyuma ya kichwa na kuangalia pale sahani inapokutana na bamba la tela. Hakutakiwi kuwa na mwanga unaopita kati. Ukiona mwanga, hata kidogo, tela haijakaa, fungua uanze upya, usijidanganye kuwa itakaa ikitembea. Kisha unaenda nyuma, unainama chini ya pua ya tela katikati ya matairi, unamulika kuelekea mbele kwenye ule mdomo wa sahani. Hapo unatakiwa uone shingo ya kingipini, ile sehemu nyembamba, na chuma cha ndoano kimepita nyuma yake kimeifunika. Kwenye JSK 37 unaona vizuri kwasababu mdomo uko wazi na grisi haijai sana ukiwa unasafisha. Ukiona kisahani kipana cha chini ya kingipini kiko usawa wa ndoano, imeshika pabaya. Ukirudi pembeni angalia mkono, umeingia mpaka ndani? Klipu imeingia tundu lake bila kulazimishwa? Vitu vitatu, macho yako mwenyewe. Dakika mbili, tuseme tatu kama una kitambi.

Na hapa ndo naipa JSK 37 maksi zake. Mkono wake ukiuvuta kuufungua unaondoa klipu, unausukuma kuelekea mbele, kisha unauvuta nje na una sehemu unajishikiza wenyewe ukabaki wazi, huna haja ya kumweka utingo aushikilie kwa kamba. Kingipini ikiingia inaisukuma ndoano, komeo linaruka kwa spring, mkono unarudi ndani wenyewe. Na tundu la klipu haliongopi. Nimejaribu makusudi, nimeacha komeo nusu, klipu haikuingia kwa namna yoyote. Kwangu mimi hilo tu linatosha kulipia tofauti ya bei.

Mipira ya upepo nayo ina mambo yake. Vichwa vyetu vya Ulaya mpira mwekundu ndo wa kujaza, wa njano ndo wa breki ya mguu. Tela ukiichomoa mpira mwekundu breki zake zinajifunga zenyewe kwa kukosa upepo, kwahiyo watu wengi wanaiacha hivyo hivyo bila kuvuta ile batani ya handibreki ya tela. Halafu wakati wa kufunga, dereva ameshuka kwenye kichwa akasahau handibreki ya kichwa, anapachika mpira mwekundu, upepo unaingia, breki za tela zinaachia, na lori zima linaanza kutembea yeye akiwa amesimama kati ya kabini na tela. Watu wamekufa hivi, Ulaya wameuawa hivi na hapa pia. Mkono wako haugusi mpira mwekundu mpaka uwe umehakikisha handibreki ya kichwa iko juu na batani ya tela imevutwa. Mfundishe na utingo, maana mara nyingi yeye ndo anatumwa kupachika mipira huku dereva yuko dirishani anachat.

Mengine haraka: plagi za umeme na ya EBS (breki za kielektroniki) kama tela inayo, pandisha miguu yote mpaka juu na ukunje ule mpini wake usije ukaning'inia, toa mawe, toa handibreki ya tela, zunguka uangalie taa. Sio lazima nieleze.

Turudi kwenye chuma. Ukinunua fifthwili mpya ukaipeleka kwenye tela yenye kingipini iliyoliwa, umetupa nusu ya hela. Hili naona watu hawalifanyi kabisa. Kingipini ya inchi 2 ikiwa mpya shingo yake ni 50.8mm, na ile sehemu nene ya juu ya shingo 73. Ikifika 49 kwenye shingo au 71 kwa hapo juu, imekwisha, toa. Nunua vernia, hata ya bei rahisi, au pata ile geji ya kupimia kingipini. Futa grisi yote kwa dizeli na tambara, pima mbele-nyuma halafu pima kushoto-kulia, kwasababu inaliwa zaidi upande unaovutwa na inakuwa na umbo la yai. Nilipopima tela langu la zamani lilikuwa karibu na mwisho, tela la pili bado zuri. Kama ningepima upande mmoja tu yote mawili yangeonekana mazima.

Na tafadhali wakuu, kile kitu cha kujazia kingipini kwa welding kisha kupiga grainda mpaka iwe mviringo. Najua kipo, najua mnajua garage gani wanafanya. Chuma cha kingipini kimepikwa kwa joto maalum kiwandani, ukikichoma moto wa welding unakiharibu na ufa unaanzia ndani usikoweza kuuona. Kingipini mpya sio ghali hivyo, na zile za bolti unabadilisha bila kuchomelea chochote. Kingipini moja imeshika tani arobaini zako zote pamoja na tela.

Kwenye fifthwili yenyewe kinacholika ni ile pete yenye umbo la kwato mdomoni, ndoano, na komeo. Vyote vinauzwa kama seti na vinabadilishwa bila kununua sahani nzima, na hii ni sababu nyingine ya kununua jina linalojulikana, seti zinapatikana Gerezani na ndugu zetu wa Nairobi wanazipata Kirinyaga Road. Kabla hujafika kubadilisha, kuna skrubu ya kurekebishia pembeni, unalegeza nati, unaizungusha kidogo kupunguza ule mchezo, ngo ngo inaisha. Ikifika mahali skrubu imeisha nafasi na bado inagonga basi seti ndo imeisha. Usipunguze mchezo kupitiliza, itakuwa inakataa kufunga, na fifthwili inayokataa kufunga ndo mwanzo wa utingo kuipiga nyundo.

Kasoro za JSK 37? Zipo. Inataka grisi, na inataka grisi nzuri, ile ya presha yenye molibdenam au grafaiti, sio ile ya njano ya kwenye ndoo ya mpira. Barabara za vumbi grisi inakusanya mchanga, ukiongeza mpya juu ya ile chafu umetengeneza msasa unaojisugulia pete na kingipini, kwahiyo lazima ikwanguliwe yote kwanza, kazi chafu na utingo hawaipendi. Zipo fifthwili za kampuni hio hio zenye vipande vya plastiki juu ya sahani ambazo hazitaki grisi nyingi, ila kwa njia zetu na tela zetu zenye mabamba yaliyokwaruzwa mimi nimeona bora chuma kwa chuma. Ni nzito, huibebi na mtu mmoja, tafuta winchi. Na bei. Mpya ni kama matairi manne mazuri ya 315, huwezi kujifanya haiumi. Kama hela haipo, mtumba original iliyovuliwa kwenye kichwa cha Uingereza ni bora mara kumi kuliko copy mpya, ilimradi uisafishe mpaka chuma kionekane kabla hujalipa: angalia nyufa pale sahani inapokaa kwenye stendi na kwenye kona za mdomo, pitisha kucha kwenye pete uone imechimbika kiasi gani, na fungua na kufunga kwa mkono mara nyingi mbele ya muuzaji. Iliyopakwa rangi mpya nzito achana nayo, rangi inaficha nyufa. Muuzaji akigoma usiisafishe, umeshapata jibu.

Kitu kimoja nimeongeza mwenyewe, kufuli dogo badala ya kutegemea klipu peke yake tukilala kwenye foleni ya mpakani. Mtu yeyote akipita usiku akavuta ule mkono, kwa utani au kwa ubaya, asubuhi unaondoka kichwa tela inabaki. Hata na kufuli, asubuhi unazunguka tena na tochi. Dereva wangu mwanzoni alinuna, akasema bosi huniamini, nikamwambia nakuamini wewe, simuamini aliyepita saa nane usiku.

Maksi: kufunga na kuonyesha kuwa imefunga, tano juu ya tano. Kudumu, bado naiangalia ila mpaka sasa haigongi, nimegusa skrubu mara moja tu. Spea, nne. Usafi, mbili, na hapo nimependelea. Bei, tatu.

Watakaoniuliza stendi: yangu ni ya 185 na matairi ya 315/80, tela la skeletoni (fremu tupu) la kontena linakaa sawa na la bodi linainama mbele kidogo sana, halisumbui mzani. Ukiwa na matairi tofauti usinakili, pima la kwako likiwa na mzigo, maana springi za Scania yangu sio za Howo yako.